Umri wa Bomba si Cheti cha Usalama

Ipo hoja inayosikika kila yanapozungumzwa mabomba ya zamani ya mafuta na gesi. Husemwa: bomba hili limefanya kazi miaka hamsini bila kupasuka, basi ni imara, kwa nini tulitilie shaka? Hoja hiyo ina sura ya busara. Mimi naiona kuwa ya hatari, na ningependa wanafunzi wa fizikia waipime wenyewe.

Bomba kubwa la feleji aghalabu hutengenezwa kwa kukunja bamba mpaka kingo zake mbili zikutane, kisha kingo hizo huchomelewa. Kwa hiyo kila kipande kina mshono unaokwenda kwa urefu wake wote, na mshono huo ndio unaobeba mzigo mzito zaidi. Kanieneo iliyo ndani huleta mkazo wa kulipasua bomba kwa urefu ulio mara mbili ya mkazo wa kulikata kwa mapana. Asiyesadiki na aitazame soseji ikikaangwa. Kuupata mkazo huo mkubwa, zidisha kanieneo kwa kipenyo, kisha gawanya kwa unene wa ukuta uliozidishwa mara mbili.

Sasa tuitumie hesabu hiyo. Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, katika mji wa San Bruno, jimbo la California, Marekani, bomba la gesi lililozikwa mwaka 1956 lilipasuka chini ya mtaa wa makazi. Watu 8 walikufa, nyumba 38 ziliteketea, na dakika 95 zilipita kabla ya gesi kuzuiwa. Kipande cha bomba chenye urefu wa zaidi ya mita 8 kilirushwa umbali wa mita 30 hivi. Kipenyo kilikuwa milimita 762, ukuta milimita 9.5, na kanieneo ya saa ile megapaskali 2.66 hivi, yaani chini ya kiwango kilichoruhusiwa. Mwanafunzi atakayekokotoa atapata mkazo wa megapaskali 107. Feleji iliyoandikwa katika vitabu vya bomba hilo huanza kulegea kwenye megapaskali 290. Kwa hesabu hiyo, bomba halikuwa na sababu ya kupasuka.

Sababu ilikuwa katika mshono. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri walikuta kwamba mahali pale palikuwa na vipande vifupi ambavyo baadhi yake vilikuwa vimechomelewa upande wa nje tu. Upande wa ndani haukuguswa. Mwanya uliobaki ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Kila kanieneo ilipopanda na kushuka, ufa ulisogea mbele kidogo, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka unakatika. Ile miaka 54 ya utumishi mwema, ambayo wengine wangeiita ushahidi wa uimara, ndiyo iliyoupa ufa nafasi ya kukua.

Vitabu vya kampuni, kwa upande wake, viliandika kwamba bomba la mahali pale halina mshono kabisa! Wala halikuwahi kujaribiwa kwa maji, kwa kuwa kanuni zilizotungwa mwaka 1970 ziliyasamehe mabomba yaliyokwisha kuwapo. Msamaha huo ulitegemea ile ile hoja ya umri.

Jaribio la maji ni jambo rahisi kueleweka. Bomba hujazwa maji, kisha kanieneo hupandishwa kupita ile ya kazi ya kila siku. Mshono dhaifu hupasuka hapo, mbele ya mafundi waliojiandaa. Maji huchaguliwa kwa sababu hayagandamiziki kwa urahisi, hivyo huhifadhi nishati ndogo. Yakipata upenyo humwagika, hali gesi ingelipuka.

Hata hivyo jaribio hilo nalo lina muda wake. Bomba la mafuta ghafi lililojengwa miaka ya 1940 na kupita Mayflower, jimbo la Arkansas, lilijaribiwa kwa maji mwaka 2005 na 2006. Tarehe 29 Machi 2013 mshono wake ulifunguka kwa karibu mita 7, na mafuta yakatiririka kati ya nyumba za watu. Mshono wake ulikuwa wa mtindo wa zamani wa kuzipasha kingo joto kwa umeme na kuzibana, na ulikuwa na nyufa zenye umbo la ndoana tangu kiwandani. Nyufa ndogo huweza kulistahimili jaribio, kisha zikaendelea kukua. Ndiyo maana jaribio halina budi kurudiwa, na muda wa kurudia ukokotolewe kwa kuhesabu mara ngapi kanieneo hupanda na kushuka. Vifaa vya ukaguzi vinavyosukumwa ndani ya bomba husaidia pia, ila inafaa kuuliza ni vya aina gani: kile cha sumaku kinachotafuta kutu huweza kupita juu ya ufa mwembamba wa urefuni bila kuuona.

Wenye mabomba hulalamika kwamba kusimamisha kazi kwa siku kadhaa ni hasara. Ni kweli, lakini ni hasara inayoweza kupangiwa tarehe.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Bomba la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lenye kilometa 1,710, lilianza kazi mwaka 1968, na mwaka 2023 likageuzwa kubeba dizeli. Sisemi kwamba mshono wake ni mbovu. Nasema kwamba kwa bomba la umri huo, kila kipande kinastahili kuwa na kumbukumbu: kiwanda kilikotoka, namna mshono ulivyochomelewa, kanieneo ya jaribio la mwisho na tarehe yake. Na pale ambapo kumbukumbu haipo, lichimbuliwe, litazamwe. Kwa bomba la Hoima hadi Tanga kazi hiyo ni nyepesi zaidi, maana mshono hupigwa picha kwa urahisi kabla ya udongo kurudishwa.