Kulinda si Kuhukumu

Wako watu wasemao ya kuwa Sungusungu wakimkamata mtu usiku na kumwadhibu papo hapo, kazi imekwisha. Neno hilo ni baya, nasi Wakristo haitufai kulinyamazia.

Faida ya Sungusungu hatuikatai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wezi wa ng'ombe walipozidi katika nchi ya Kahama na Nzega, wanakijiji walijikusanya kwa pinde na filimbi, wakatwaa jina la wale chungu weusi wenye kuuma. Watu wakapata usingizi tena. Nayo sheria ya mwaka 1989 ikawapa mamlaka ya kukamata. Kukamata, wala si kuhukumu!

Lakini watazameni bibi zetu. Katika Shinyanga na Geita vikongwe wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi, ati kwa kuwa macho yao ni mekundu. Pengine walinzi wenyewe wamewahukumu kwa neno la mpiga ramli. Kumbe macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, walipokuwa wakitupikia sisi! Tena huenda amwitaye mjane mchawi analitamani shamba lake. Je, Nabothi hakusingiziwa vivyo hivyo, Ahabu apate shamba la mizabibu?

Basi, walinzi na waulinde mlango wa kikongwe kama walindavyo zizi. Kijiji chenye ng'ombe wote na damu ya mjane si salama, wala si safi.