Kwa Gavana wa Busia: Nani Anawajibika Ufuoni Sio Port?

Mheshimiwa Gavana Paul Otuoma,

Ulikuwa mbunge wetu wa Funyula, na 2012 ukakabidhiwa Wizara ya Serikali za Mitaa mabaraza yalipokuwa yakihesabu siku. Unamkumbuka karani wa baraza: kalamu ilikuwa yake, Nairobi ikimhamisha ipendavyo, huku diwani tuliyempigia kura akibaki na makelele tu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilitenganisha majukumu hayo vizuri. Mwakilishi wadi atunge sheria, apitishe bajeti, akague. Kifungu cha 9 kinamkataza kutoa huduma kana kwamba yeye ni mwajiriwa wa kaunti. Utekelezaji ni wa msimamizi wa wadi, ambaye hapigiwi kura na mtu.

Sasa shuka nami ufuoni. Tuseme mama ameanika omena kwenye neti, ushuru amelipa, risiti ameifunga kwenye pindo la leso. Mvua inashuka na banda la kuanikia hakuna. Atampigia nani? Mwakilishi, bila shaka, maana huyo ndiye humwona matangani, na ndiye atakayezomewa huko. Msimamizi pengine hata jina hamjui. Mwakilishi akikumbuka uchaguzi wa 2027 ataanza kumshinikiza msimamizi: mpe kazi mkandarasi huyu, niajirie kijana yule. Simtetei, ila naelewa anakotoka. Analaumiwa kwa kazi ambayo sheria imemnyima. Msimamizi naye atasema anasubiri fedha kutoka makao makuu. Omena nazo zinaoza.

Ninaomba jambo dogo. Kila mwezi, kwenye ukuta wa ofisi ya wadi na pale ufuoni, pabandikwe karatasi inayoonyesha ushuru uliokusanywa hapa, miradi ambayo wadi imetengewa fedha, na cheo cha ofisa anayewajibika kwa kila mmoja. Karani wa zamani angeichukia karatasi hiyo. Ofisa wa leo itamlinda: akisukumwa nje ya bajeti, ataunyooshea kidole ukuta. Mwakilishi naye atakuwa na cha kukagua badala ya kuomba.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Karatasi ya kwanza ibandikwe mwezi huo, kwa Kiswahili na Kisamia.

Wako,
Mkazi wa Sio Port