UCHANGANUZI: Kwale yafaa kuchagua mapema kitakachovunjika

Usiku wa Agosti 12, 2020, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 6 lilitokea chini ya Bahari Hindi, karibu na pwani ya Tanzania. Lilihisiwa Dar es Salaam, Mombasa na hata Nairobi. Halikuleta maafa makubwa, na punde likasahaulika. Hata hivyo, Msambweni na Diani ziko karibu zaidi na kitovu chake kuliko Mombasa, na majengo ya ghorofa yanazidi kuongezeka kati ya Ukunda na ufuo. Je, likija kubwa zaidi, ni majengo gani ya Kwale yatakayotumika siku ya pili yake?

Wengi hudhani jengo salama ni lile lisiloanguka. Wakazi wa Christchurch, New Zealand, walifunzwa vingine. Tetemeko la Februari 22, 2011 liliua watu 185. Majengo mengi ya katikati ya mji yalibaki wima, lakini yalikuwa yamepasuka na kupinda kiasi kwamba ilibidi yabomolewe. Waliokuwamo walitoka hai, ila hawakuwa na pa kurudi.

Hapo ndipo boriti za chuma zinazobadilishwa zilipopata uzito. Katika fremu ya jengo, vyuma vya mshazari huungwa na boriti kwa namna inayoacha kipande kifupi katikati. Ardhi inapotikisika, kipande hicho ndicho hupinda na kufyonza nguvu za mtikisiko, huku nguzo zikisalimika. Kikiwa kimefungwa kwa bolti, mafundi hukifungua na kutia kingine. Ni kazi ile ile ya fyuzi nyumbani: huungua yenyewe ili nyaya zisiungue. Katika jengo la ghorofa la Pacific Tower mjini Christchurch, vipande vilivyoharibika vilikatwa na kuwekwa vipya, na jengo halikubomolewa. Nchini Marekani, mnara wa daraja jipya la San Francisco hadi Oakland, lililofunguliwa 2013, una miguu minne iliyounganishwa kwa boriti za aina hiyo.

Fikra hii si ngeni Pwani. Mwenye nyumba ya makuti anajua tangu siku ya kwanza kwamba makuti yatachakaa, na kwamba yataezuliwa na kuezekwa mengine bila kugusa nguzo.

Lakini tusidanganyike. Fyuzi hufaa tu pale ambapo kila kitu kingine kina nguvu kuiliko. Nguzo ikiwa na nondo pungufu na saruji hafifu, itatangulia kuvunjika. Mnamo Aprili 2016, jengo la makazi lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, bila tetemeko lolote, na watu wapatao 50 wakafa. Kenya imekuwa na mwongozo wa ujenzi unaozingatia matetemeko tangu 1973. Tatizo letu si uhaba wa kanuni bali ni usimamizi. Kwa hivyo, kwa nyumba za kawaida za Ukunda, dawa ya kwanza ni mkaguzi anayefika kwenye mjengo kabla zege haijamwagwa.

Chuma cha kubadilishwa, ambacho ni ghali, kitengewe miundo michache isiyoweza kufungwa hata kwa siku moja. Mgonjwa anayetolewa Msambweni kupelekwa Mombasa hutegemea feri ya Likoni au madaraja ya barabara ya Dongo Kundu. Hospitali zitakazopanuliwa Kwale, na daraja lililopangwa kwa miaka mingi kati ya kisiwa cha Mombasa na Likoni, ndipo mahali pa kuuliza swali hili, na wakati wa kuliuliza ni sasa, michoro ikiwa bado mezani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahandisi wa leo wameongeza neno: heri kuchagua mapema ufa utapita wapi.