Deni la matibabu: Uhai hutangulia, hesabu hufuata

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeuteremsha ugonjwa na akauteremsha pamoja na dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, si muda mrefu niliitwa baada ya sala ya Isha na familia moja ya upande wa Likoni, hapa kwetu Mombasa. Mzee wao alikuwa amepooza ghafla upande mmoja wa mwili. Ambulensi ya kukodi ilipofika, swali la kwanza la mhudumu lilikuwa: nani atalipa? Vijana wakachangishana kwa simu, huyu mia tano, yule elfu moja, na kiasi kilipotimia ndipo machela ikateremshwa. Kwenye feri watu na magari waliipisha ambulensi hiyo bila ya kuulizana, kwani sote tumelelewa tukijua kwamba king'ora kikilia, kuna roho iliyo hatarini. Lakini mlangoni mwa hospitali yalitakiwa malipo mengine ya awali kabla ya mgonjwa kupokewa.

Mzee alifariki siku ya sita. Familia ilikabidhiwa karatasi yenye jumla moja tu, bila ya mchanganuo wowote, na maiti ikazuiliwa mochari siku mbili, hadi mwana mkubwa alipoweka rehani hatimiliki ya shamba. Kijana huyo aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Sheikh, deni tunalikubali. Tulitaka tu kujua tunadaiwa kwa lipi."

Masaibu haya si ya familia moja. Wengi tunakumbuka tukio la Oktoba 2015 jijini Nairobi, ambapo mtu aliyegongwa na gari alizungushwa ndani ya ambulensi kwa takribani saa 18. Pengine hapakuwa na kitanda cha wagonjwa mahututi, na pengine iliitishwa amana ya shilingi 200,000. Alipopata kitanda, muda ulikuwa umekwisha, akafariki. Nchi nzima ilishtuka, kisha ikaendelea na mambo yake.

Wala si kwamba nchi haina sheria. Katiba ya 2010, katika ibara ya 43, inaeleza kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi serikali za kaunti huduma za ambulensi. Sheria ya Afya ya 2017 imefafanua kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kuimarisha hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa pale hospitali ya kwanza inaposhindwa. Hospitali yenye uwezo ikikataa, inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tatu. Aidha, mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kuhusu akina mama wawili waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa kukosa fedha, ikasema kuwazuia vile kulikuwa kinyume cha sheria. Upungufu uko katika utekelezaji, na katika sisi kutozijua haki zetu.

Sasa tuitazame sheria ya Mwenyezi Mungu. Jambo la kwanza ni daraja ya uhai. Katika Suratul Maida, aya ya 32, Mola wetu ametufunza kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Wanazuoni wa Usul wameweka kuhifadhi nafsi miongoni mwa makusudio matano makuu ya sheria, na wengi wao wameitanguliza mbele ya kuhifadhi mali. Kwa hivyo, anayeweza kumwokoa mahututi kisha akasimama kuhesabu fedha amekitanguliza kilichostahiki kufuata.

La pili ni uwazi wa hesabu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu. Ikiwa mkopo wa marafiki wawili unastahiki kuandikwa, vipi deni la mtu aliyelazwa hajitambui? Katika fiqhi, ujira wa kazi sharti ujulikane. Usipotajwa, mtoa huduma hupewa ujira wa mfano wake, yaani ule unaolipwa kwa kawaida kwa kazi kama hiyo, wala si kiasi anachokitaja baada ya kuona dhiki ya mwenzake. Basi kuomba mchanganuo wa bili, kitu kwa kitu, si utovu wa adabu. Ni haki ya mwenye kudaiwa.

La tatu ni muhula. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inaamrisha kwamba mdaiwa mwenye dhiki angojwe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Ama maiti, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kuharakisha mazishi, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Na Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imeweka deni la marehemu katika mali aliyoiacha, lilipwe kabla ya warithi kugawana. Deni liko katika mali, haliko katika mwili. Kuifanya maiti kuwa rehani hakuna msingi katika dini yetu.

Hata hivyo, uadilifu una pande mbili. Ambulensi hutumia mafuta, hewa ya oksijeni hununuliwa, na muuguzi wa zamu ya usiku naye ana watoto. Ujira wao ni halali. Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha malipo ni dhuluma. Wapo miongoni mwetu wanaotoroka hospitalini hali wana cha kulipa, kisha milango hufungwa usoni mwa maskini wa kweli. Hao nao watasimama mbele ya Mola wao.

Tufanye nini basi? Kwanza, kila familia ijisajili na kulipa mchango wa bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 mahali pa NHIF. Sheria yake ya 2023 imeanzisha pia hazina ya dharura na maradhi sugu. Wanaouliza hukumu ya bima wajue kwamba mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah lilikataza bima ya kibiashara, likaruhusu ile iliyojengwa juu ya kusaidiana. Mpango wa umma wa kuchangiana, kwa maoni yangu, uko karibu zaidi na huo wa pili.

Pili, zaka. Wadaiwa ni miongoni mwa watu wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Familia iliyofilisiwa na matibabu imo humo, wala haistahiki kuzungushwa na bakuli msikiti hadi msikiti.

Tatu, wakfu. Pwani yetu imejaa nyumba na mashamba ya wakfu yanayohudumia misikiti. Khalid bin Walid (R.A.) aliweka wakfu deraya zake na zana zake za vita, nazo ni vitu vinavyohamishika. Ni kipi basi kinachozuia misikiti kadhaa kuungana ikaweka wakfu ambulensi moja, pamoja na duka ambalo kodi yake itanunua mafuta na kumlipa dereva? Mwaka 1284 Sultan Qalawun alianza kujenga Cairo hospitali ya wakfu iliyowatibu matajiri na maskini bila ya malipo. Waliotutangulia waliyaandaa haya kabla ya ugonjwa kuingia nyumbani. Sisi huanza kuchangishana machela ikiwa mlangoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awalipie wadaiwa madeni yao, na azilainishe nyoyo za wenye funguo za hospitali na za hazina. Amin.