Kabla ya kuuza mahindi ili kulipia kozi ya kompyuta

MSIMU wa mavuno ndio msimu wa kulipa ada. Katika familia nyingi za wakulima na wafanyabiashara wadogo, fedha hizo sasa zina mgombea mpya: kijana aliyemaliza sekondari anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta. Swali linalopaswa kuulizwa kabla gunia la kwanza halijapanda mizani ni moja. Katika elimu hiyo, ni kitu gani hasa kinachouzwa, na ni kipi kinachopatikana bure?

Chukua mfano wa Python, lugha ya kompyuta inayopendekezwa sana kwa wanaoanza. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Lugha hiyo haiuzwi. Hupakuliwa bure kwenye tovuti ya python.org, pamoja na mwongozo wa kujifunzia ambao unaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta na kusomwa bila intaneti.

Vitabu navyo vipo. Kitabu cha Al Sweigart, Automate the Boring Stuff with Python, kilichotoka mwaka 2015, husomwa bure kwenye tovuti ya mwandishi ingawa nakala ya karatasi huuzwa. Hiki kinamfaa zaidi mtoto wa mwenye duka, kwa kuwa kinafundisha kazi za ofisini: kupanga mafaili, kusoma majedwali ya hesabu na kutuma barua pepe. Think Python cha Allen Downey ni bure pia. Charles Severance wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, naye ametoa Python for Everybody pamoja na masomo ya video. Kwa upande wa kozi, Chuo Kikuu cha Harvard kinatoa bure masomo yake ya CS50, likiwamo somo la Python.

Msomaji anaweza kuhoji kama ubure huo hauna mtego. Ukweli ni kwamba Downey na Severance wametoa vitabu vyao kwa leseni ya wazi. Mtu anaruhusiwa kunakili, kuchapisha kurasa na kuwagawia wenzake, mradi asifanye biashara na amtaje mwandishi. Kwa hiyo kikundi cha vijana kijijini kinaweza kupakua kitabu mara moja mjini na kukigawana kwa flashi bila kuvunja sheria.

Mtego halisi upo kwenye vitabu vya mitumba. Toleo la pili la Python liliachwa rasmi Januari 1, 2020, baada ya toleo la tatu kuwapo tangu Desemba 2008. Vitabu vya toleo la zamani bado vinaweza kukutwa mezani kwa wauzaji, na mwanafunzi anayevifuata huishia kupata makosa asiyoyaelewa. Hata mzazi asiyejua kompyuta anaweza kukipima kitabu kwa dakika moja. Atafute neno print katika kurasa za mwanzo. Likifuatwa na mabano, kama print("Habari"), kitabu kinafaa. Likiandikwa print "Habari" bila mabano, hicho ni cha zamani na bei yake isimvutie.

Hata hivyo, si kila kitu ni bure. Kijana anahitaji kompyuta, umeme na bando. Simu ya Android inaweza kumsaidia kuanza kwa programu kama Pydroid 3, lakini kuandika kazi ndefu kwenye kioo kidogo ni adha. Kikwazo kingine ni Kiingereza, kwani vitabu vyote vilivyotajwa vimeandikwa kwa lugha hiyo. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kuomba sehemu ngumu ifafanuliwe kwa Kiswahili. Lakini chombo hicho nacho hukosea, na anayenakili majibu tu hajifunzi.

Hapo ndipo thamani ya chuo inapopaswa kupimwa. Chuo chenye mwalimu anayesahihisha kazi, kompyuta zinazotosha na umeme wa uhakika kinauza kitu ambacho kitabu hakina. Chuo kinachosoma kwa sauti yale yaliyomo kwenye vitabu vya bure, kisha kutoa cheti, kinauza karatasi. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanafunzi atakuwa ametengeneza nini mwisho wa kozi, na kuomba kuoneshwa kazi za waliotangulia.

Njia nafuu ni kuanza na jaribio la miezi miwili. Kijana apewe kitabu kimoja tu, si vitano, na kazi moja ya nyumbani: programu ya kutunza daftari la madeni ya duka, au ya kukokotoa faida ya gunia baada ya kuondoa mbolea, vibarua na usafiri. Akiifikisha mwisho, familia itakuwa na ushahidi kwamba ada haitapotea, na hesabu za duka zitakuwa zimenyooka. Akishindwa kwa kukosa hamu, mahindi bado yatakuwa ghalani. Mkulima makini hanunui shamba kabla ya kuukagua udongo wake, na ada ya kozi haina sababu ya kulipwa kwa namna nyingine.