Twafunza wachezaji, wasimamizi je?

Majuzi alinijia nyumbani mwanafunzi wangu wa zamani, fomu mkononi. Alitaka nimwandikie barua ya kumpendekeza akasomee shahada ya uzamili katika usimamizi wa sanaa na utamaduni, katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Babake, aliyekuwa amemsindikiza, alisikiliza kwa makini kisha akaniuliza: "Mwalimu, hivi sanaa nayo yahitaji meneja? Ngoma si huchezwa tu?"

Mzee yule hakuwa akifanya mzaha. Swali lake ndilo ambalo wazazi wengi wanajiuliza tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walipoingia Gredi ya 10 na baadhi yao kuchagua mkondo wa sanaa na michezo. Mtoto atahitimu, naam, lakini atafanya kazi gani, na nani atamlipa?

Kuigiza na kuimba ni mambo tuliyoyafunza kwa miaka mingi. Tamasha ya Muziki ya Kenya ilianza mwaka 1927, na ile ya drama mwaka 1959. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi hupanda jukwaani na kushuka kwa vifijo. Aliye nyuma ya pazia ni mwalimu. Yeye ndiye atafutaye basi, akope maleba, abembeleze mwalimu mkuu atie sahihi ya fedha za chakula, na ahesabu watoto usiku wa manane. Hiyo yote ni kazi ya usimamizi wa sanaa. Tofauti ni kwamba mwalimu hakuifunzwa, halipwi kwayo, na anapostaafu maarifa yake huondoka naye.

Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Miaka kadhaa iliyopita niliandika mchezo ambao wanafunzi wangu waliucheza hadi ngazi ya taifa. Mwaka uliofuata nikasikia kwamba kundi moja la waigizaji linauonyesha kwa kiingilio. Nilipokwenda kulalamika niliulizwa kama nina karatasi yoyote ya kuthibitisha kuwa mchezo ni wangu. Sikuwa nayo. Kuandika mchezo nilijua, lakini kulinda haki zake hakuna aliyenifunza popote.

Hasara yangu ni ndogo ikilinganishwa na yaliyoupata mji mzima wa Wamijikenda. Vigango ni nguzo za miti zinazochongwa na kusimamishwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili vya nduguze. Muda si mrefu vikaibwa. Kimoja kilikuja kuonekana katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, cha pili katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, na ilichukua hadi mwaka 2007 kwa vyote viwili kuwa vimerudi Kenya. Baadaye makumbusho ya Denver nayo yaliamua kurejesha vigango 30. Vilipowasili Nairobi mwaka 2019 vilikwama kwenye uwanja wa ndege, kwa sababu vilidaiwa ushuru wa forodha kana kwamba ni bidhaa za kuuzwa dukani!

Tafadhali msomaji, tafakari jambo hilo. Wachongaji hawakukosekana, wala wasomi wa kueleza maana ya kigango. Aliyekosekana ni mtu wa kuandaa hati mapema, aijuaye sheria ya urithi ya mwaka 2006 na ile ya forodha, na awezaye kuongea na wazee wa kaya kama anavyoongea na karani wa bandarini. Nikamwambia yule baba kwamba meneja wa sanaa ni mtu kama huyo.

Je, mafunzo hayo hupatikana wapi? Marekani na Uingereza zilianza kuyatoa katika miaka ya 1960. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg kimekuwa na shahada ya uzamili katika taaluma hii. Mwanafunzi husoma sera ya utamaduni, hesabu za fedha, hakimiliki, uchangishaji na namna ya kuwavuta watazamaji. Masomo hayo ni mazuri, ila nina shaka moja. Uingereza ina baraza la sanaa tangu mwaka 1946, nalo hugawa fedha za umma, na anayesomea huko hufunzwa kuliandikia baraza kama hilo. Akirudi kwetu ataliandikia nani? Wenzetu wa Zanzibar walionja uchungu huo mwaka 2016, tamasha ya Sauti za Busara ilipokosa kufanyika kwa uhaba wa fedha, ingawa ilikuwa imedumu tangu 2004 na sifa zake zimeenea kote duniani.

Isitoshe, usimamizi wa sanaa si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakaunda kamati, wakagawana kazi na kuujaza uwanja watu. Serikali ya wakati ule ilipiga marufuku mchezo wao na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Mengi yameandikwa kuhusu siasa ya mchezo ule na kuhusu marehemu Ngugi wa Thiong'o. Jinsi wakulima na vibarua wale walivyoendesha jumba lao, nani alishika fedha na nani alipanga zamu, sijaona likifunzwa darasani.

Kwa hivyo sioni sababu ya vyuo vikuu vyetu kuiachia ng'ambo taaluma hii. Katiba ya 2010 imeutaja utamaduni kuwa msingi wa taifa, na imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Sheria ya mwaka 2016 ikaongeza ulinzi wa maarifa ya jadi. Kaunti 47 zahitaji watu wa kuyatekeleza hayo, na walimu waliokwisha kubeba tamasha mabegani wangekuwa wa kwanza kudahiliwa, pengine kwa masomo ya wakati wa likizo, tasnifu zao ziwe juu ya ngoma, makaya na kumbi zilizo karibu nao.

Barua ya binti yule nimekwisha kuiandika. Nimemsihi achague mada ya utafiti kabla hajapanda ndege, nikampendekezea safari ya vile vigango 30, hatua kwa hatua, kutoka Denver hadi forodhani. Babake, mtu wa bara, aliisoma barua mara mbili, akaikunja na kuniuliza Gohu ni chama cha namna gani. Tukaketi tena.