Kompyuta Inayosoma Jicho la Mgonjwa wa Sukari

Wazee wetu wenye ugonjwa wa sukari hupimwa damu, wakakaguliwa nyayo, wakaonywa juu ya haluwa na kaimati. Jicho huachwa hadi lianze kuona ukungu. Hapo huwa wamechelewa. Sukari ikizidi kwa miaka hudhoofisha mishipa myembamba iliyo nyuma ya jicho, ikafura na kuvuja damu, na mwenyewe haumwi wala haoni tofauti yoyote. Leza na sindano za jichoni huzuia upofu zaidi kuliko zinavyorudisha nuru iliyokwisha potea.

Kwa hiyo jicho lafaa kupigwa picha lingali linaona vyema. Mabingwa wa kuzisoma picha hizo ni haba, ndipo kompyuta ikafundishwa kazi hiyo kwa kuonyeshwa maelfu ya picha ambazo madaktari walikwisha zitolea hukumu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha programu iliyoitwa IDx-DR, ambayo hutoa jibu bila daktari kuitazama picha: mgonjwa aende kwa bingwa, au arudi kupimwa baada ya miezi 12.

Tukisikia hayo tusidhani kazi imekwisha. Kampuni ya Google ilipopeleka programu yake katika zahanati 11 za Thailand, wauguzi walikuwa wamezoea kungoja jibu la bingwa hadi wiki 10. Sasa lingetoka kwa dakika chache. Lakini vyumba vingine havikuweza kutiwa giza, picha zikatoka hafifu, na zaidi ya moja katika kila tano mashine ikakataa kuisoma. Mimi naisifu mashine inayokiri kwamba haioni kuliko ile inayobahatisha. Ila gharama ya kukataa kwake ilimwangukia mgonjwa, aliyeambiwa afunge safari siku nyingine kwa bingwa, pengine bila ugonjwa wowote jichoni.

Tena programu kama IDx-DR hutafuta madhara ya sukari tu. Bibi akiambiwa yu salama, hajapimwa mtoto wa jicho wala presha ya jicho. Hayo yataka kuulizwa mbali. Na ikiwa atatiwa matone ya kupanua mboni ili picha itoke wazi, asiende peke yake: kwa saa kadhaa ataona ukungu na mwanga wa jua utamchoma, basi mjukuu na amshike mkono hadi nyumbani.